Neno la Kuachia Mshale

Enzi zetu, na najua mtacheka kwa kuwa enzi zenyewe hazijaota hata mvi, mie bado nakwenda skuli na sare yangu ipo juu ya kamba inakauka. Lakini nyinyi mliozaliwa Ibra mwaka wangu au karibu yake mnajua nasema nini. Kuna ile Ibra ya kabla kila mtu hajawa na simu mfukoni, wakati mlango wa uani haufungwi mpaka adhana ya magharibi, na ukimtaka mtu unakwenda kwao unapiga hodi. Tukitoka skuli tunakula wali na papa mkavu wa Sur, tunalazimishwa kulala na hatulali, kisha baada ya alasiri tunatoka sote. Wasichana tukicheza nage pale penye kivuli cha ukuta, mpira wenyewe soksi iliyojazwa matambara. Miguu ikirudi imepauka vumbi, na Bibi akituosha kwenye falaji, ule mfereji wa mashambani, kwa maji yaliyopashwa na jua mchana kutwa, akitugombeza kama kwamba vumbi la Omani tumelileta sisi.

Alkhamisi akipika mkate wa kumimina, harufu ya iliki inachanganyika na ya ndimu zilizoanikwa darini. Wakubwa wakizungumza Kiswahili ndani, na mgeni akigonga mlango lugha inabadilika kabla mlango haujafunguliwa. Sie watoto tukichanganya tu, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kubahatisha. Mtaani tukiitwa Wazanjibari, na hakuna hata mmoja nyumbani kwetu aliyepata kuiona Unguja. Baba na ndugu yake mkubwa walizaliwa Tabora, ndani kabisa ya bara. Baba alichoka kueleza, akakubali kuwa Mzanjibari. Ndugu yake hakukubali. Akiulizwa akijibu kwa Kiarabu chake cha kuvunjikavunjika kwamba yeye ni mtu wa Tabora, na kwamba kutoka Tabora mpaka baharini ni safari.

Huyo ndiye Ami Hamdun. Alikuwa na duka la vipuri vya gari kando ya barabara ya Sur, na mikono yake ikinuka grisi hata siku ya Idi. Sauti yake ilikuwa ya chini, huna budi umsogelee umsikie. Ujanani alikuwa mwindaji wa paa, na akiwinda kwa uta na mshale, kwa sababu baba yake alikuwa na bunduki lakini hakumpa. Akitusimulia alivyokuwa akimnyemelea paa asubuhi, tumbo chini, uso kwenye upepo, mpaka anaona sikio la mnyama likicheza. Akisema kazi yote ni ule ukaribu. Mwenye bunduki anaweza kuwa mbali akabahatisha, mwenye uta lazima awe na yakini, maana mshale wa pili haupo. Ukikosa, paa huyo kenda. Ukimpata pabaya ndo vibaya zaidi, utamfuata mchana kutwa na dhambi yake shingoni.

Mie nilikuwa mtoto wa haya. Nasema haya, lakini ilikuwa zaidi ya haya, ilikuwa kama kufuli. Darasani najua jawabu, mwalimu ananiita, nasimama na mdomo haufunguki, mpaka walimu wakaamini kuwa sijui Kiarabu. Wageni wakija nikijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Siku moja Ami alikuja kwa mlango wa uani akanikuta peke yangu natupia kopo vijiwe, na kila kijiwe kinagonga. Aliketi kwenye ngazi akanitazama, na mie nilipomwona nikaacha. Wiki iliyofuata alikuja na tawi la mkunazi.

Waarabu wanauita sidri. Ami akisema mti huo ndo pekee alioufahamu alipofika Omani, maana kwao Tabora upo, na akiusalimia kila akipita kama mtu wa kwao. Tawi alilikausha juu ya kabati la duka, akalichonga polepole, akalipima kwa urefu wangu. Upote, yaani ile kamba ya uta, aliusokota kwa mshipi wa kuvulia aliomwagiza mtu Sur. Mishale ilikuwa ya matete ya kwenye wadi, lile bonde la mto mkavu, nchani misumari iliyosuguliwa, nyuma manyoya ya kuku wa Bibi, ambaye alilalamika kuwa kuku wake wanatembea uchi. Kisha akashona gunia kwa umbo la paa, akalijaza nyuzi za mtende, akalifunga miguu ya makuti. Kichwa chake kilifanana zaidi na punda. Nyuma ya bega alichora duara dogo kwa mkaa.

Nilitarajia atanisimamisha mbali. Akanisimamisha karibu hata ningeweza kumpiga paa yule teke. Nikaona dhihaka. Lakini Ami akasema nataka mkono wako usijue kabisa kukosa ni kitu gani, kukosa tutakutana nako baadaye na wakati huo hutakuogopa. Hatukurudi nyuma mpaka pale pakawa rahisi kama kuweka kikombe mezani, na tukirudi, tunarudi hatua moja tu. Nikikosa, hanigombezi wala hanipi mshale mwingine papo hapo. Ananirudisha mbele, napata, kisha tunaenda kunywa maji. Hakuniruhusu hata siku moja niondoke na kukosa mkononi.

Kila siku jambo lile lile. Ubavu kwenye shabaha. Usitazame mshale, tazama unywele mmoja wa yule paa, na ingawa paa alikuwa gunia, nilijifunza kuchagua uzi mmoja. Vuta mpaka kidole gumba kiguse chini ya taya, kila mara pale pale. Taja jina la Mungu, kwani mnyama asiyetajiwa haliki, na ukizoea kusahau kwa gunia utasahau kwa paa. Kisha achia.

Hapo kwenye kuachia ndipo palipotokea jambo letu. Siku ya kwanza kabisa nimevuta, mkono unaniuma, binamu zangu wamekaa ukutani wanatazama, nikataka kuuliza kama niuachie mshale. Kwa Kiswahili changu kile nikasema, "Ami, niache?"

Ami akajibu bila kufikiri, "Nikuache wapi tena, mama, na mie ndo kwanza nimefika?"

Binamu zangu wakaanguka kwa kicheko. Wakalirudia neno mtaani mpaka jioni, niache, niache, kama bibi harusi anayeomba talaka. Nikauweka uta chini, nikaingia jikoni, na siku zilizofuata sikutoka. Ami hakumtuma mtu. Alikuja mwenyewe, akasimama nje ya mlango wa jikoni, mie ndani, yeye nje, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Zuwena, kesho ukiniuliza uache, nitakwambia acha. Ndo neno letu hilo."

Basi likawa ndo neno letu. Mtu aliyekuwa akitusahihisha kila kitu, akikataa kutupa peremende mpaka tuseme kitu changu badala ya kitu yangu, lile moja hakuligusa tena. Nikivuta, nikitaja jina la Mungu, nikingoja, Ami akisema "acha" taratibu kama anapumua, na mshale unakwenda. Nikasahau kabisa kwamba duniani neno hilo lina maana nyingine. Nyumbani nikiambiwa niache kitu nilikuwa nikiambiwa kwa Kiarabu, khalli, na ikitosha.

Tulipokuwa tumefika mbali kidogo, akaongeza sharti la mshale wa kwanza. Nikitoka skuli, kabla ya kula, kabla mkono haujapata moto, nipige mmoja tu. Huo ndo unaohesabiwa, akisema, mingine ni mchezo. Wallahi niliuogopa mshale ule kuliko mtihani. Lakini siku zikaenda, na ikawa darasani mchana naanza kuufikiria kwa hamu, nauona unywele wangu, nalihisi taya langu.

Ijumaa moja alinichukua kwa gari mpaka kwenye tambarare za upande wa Mudhaibi, mie na yeye na birika la chai. Uta tuliuacha nyumbani. Alinieleza njiani kuwa paa wa Omani hawaguswi, sheria inawalinda, na yeye mgeni aliyekaribishwa hawezi kuvunja sheria ya nyumba. Tulikaa nyuma ya mgunga mpaka wakaja watatu, wadogo, rangi ya mchanga, mkia haukai. Ami akanionesha bega liko wapi mnyama anaposimama ubavu, na linavyojificha anapogeuka. Akanionesha wakati wa kuvuta, akiinama kula, na wakati wa kutulia. Nilimuuliza basi tunajifunza ya nini. Akasema iko siku tutakwenda Tabora kwa ruhusa, na wenzake wapo, na hawezi kunipeleka kule nikamtia aibu mbele ya paa. Hakusema mbele ya watu.

Mwaka huo ndo nilikuwa namaliza skuli ya watoto, na mwakani naingia idadi, yaani skuli ya kati. Baba, ambaye mpaka wakati ule alijifanya haoni, akaanza kuona. Siwezi kumlaumu. Baba alikuwa na kazi ya serikali, na ofisini walikuwa wamemcheka sana zamani kwa Kiarabu chake. Alikuwa ameisafisha lugha yake mpaka ikang'aa. Alikuwa hataki jambo jingine la kuchekwa. Siku moja yeye na Ami walipokuwa wamekaa barazani, nami nipo nyuma ya mlango kama kawaida yangu, nikamsikia anasema, kwa adabu, kwa kuwa Ami ni mkubwa wake, "Kaka, mtoto anakua. Watu watasema."

"Watasema nini?"

"Watasema binti yangu anarusha mishale kama watu wa porini."

"Kwani sisi si watu wa porini?"

"Ndo maana sitaki waseme, Kaka."

Kisha Ami akamwomba jambo moja, aje aone mara moja. Mshale mmoja, wa kwanza wa siku. Ukiingia nyuma ya bega, mtoto aendelee mpaka achoke mwenyewe. Usipoingia, yeye Hamdun atautungua uta kwa mkono wake na hatalileta tena jambo hili mdomoni. Baba hakuweza kumkatalia kaka yake. Akasema sawa, Jumatano baada ya kazi.

Sikula siku hiyo. Mnaonijua mnajua maana ya kusimama nikitazamwa, na anayenitazama ni Baba. Nikikosa, uta wenyewe umekwenda, na paa wa gunia, na yale mapori ya Tabora ambayo nilikuwa nimekwisha yaona kwa macho ya Ami, na ule mshale wa mchana ulioniokoa na darasa. Sikuwa na kitu kingine changu.

Baba akaja na nguo za kazini, hakuvua hata kofia. Akasimama nyuma yangu, mikono kaifunga. Paa alikuwa kule penye mtende wa mwisho, mbali kuliko nilivyopenda, na upepo ukimchezesha makuti ya miguu. Ami akainama akaninong'oneza kwamba leo yeye hatasema neno. Leo nilitafute mwenyewe.

Nikasimama ubavu. Nikavuta, kidole kikagusa taya. Nikataja jina la Mungu. Nikauona uzi wangu. Nikalitafuta neno, na neno halikuja. Kile kile cha darasani, mdomo na mkono vimefungwa kwa ufunguo mmoja. Siwezi kuachia na siwezi kurejesha. Mkono ukaanza kutetemeka, kisha bega, kisha nikaona ncha ya mshale inazunguka paa mzima, kichwa, tumbo, mtende. Machozi yakaja. Nikajua nimekwisha.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya Baba, laini, sijapata kumsikia akisema hivyo.

"Acha, mwanangu."

Nakumbuka nilichofikiri. Nilifikiri, kumbe Baba analijua neno letu. Kumbe Ami kamfundisha, kumbe kaja kunisaidia. Kufuli likaanguka. Mkono ukatulia kama maji ya falaji pale yanapoingia bwawani, uzi ukarudi mahali pake, na nikaacha. Sikuuona mshale ukienda. Nilisikia gunia likitoa pumzi.

Ulikuwa ndani ya duara la mkaa, nyuma ya bega, manyoya tu yamebaki nje.

Niligeuka nimtazame Baba, na uso wake haukuwa wa mtu aliyefurahi wala aliyekasirika. Alikuwa kashangaa. Akamtazama Ami, Ami akamshika mkono akamvuta pembeni, karibu na ukuta, wakasemezana. Sikusikia isipokuwa mwisho wake, Baba aliposema, "Basi, mwache." Akaenda zake ndani kubadilisha nguo. Ami akarudi kwangu, akanipa mshale wa pili, akasema huu ni wa mchezo.

Niliendelea. Nilipoingia idadi tulihamia nyuma ya duka la Ami, penye ukuta mrefu, ili watu wasiwe na la kusema, na hawakusema. Mwaka wa pili mwalimu aliniteua nisome Kurani asubuhi kwenye idhaa ya skuli, mbele ya wasichana wote wamepanga foleni. Nilisimama ubavu kidogo, wakanishangaa. Nikagusa taya. Kisha nikajiambia acha, moyoni, kwa sauti ya Baba, na sauti yangu ikatoka mpaka ukuta wa mbali. Mpaka leo ikinibidi kusema mbele za watu, ni hiyo sauti natumia. Si ya Ami, ingawa Ami ndiye aliyenilea kwenye uta. Ya Baba.

Ami alifariki mwaka jana. Sukari ilianza na macho, akawa ananisikiliza nikipiga, anajua kwa mlio wa gunia umeingia wapi. Tabora hatukwenda. Kila mwaka kulikuwa na jambo, duka, kisha hospitali, kisha mie na mitihani. Lakini uta nilikuwa nimeshauweza. Hilo aliliona kabla hajaacha kuona, na alinambia.

Siku ya mwisho ya matanga, wageni wamekwisha ondoka, tunakunja mikeka sebuleni, Baba akakaa chini ghafla akaanza kucheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kicheko. Mama akamuuliza ana nini. Akasema amekumbuka ile siku ya mshale.

"Nilimwonea huruma mtoto," akamwambia Mama, kama sipo. "Mikono inamtetemeka, analia. Nikamwambia aache, basi, yaishe. Akaachia."

Mie nimesimama na mkeka mkononi. Miaka yote hiyo. Baba aliniambia niweke uta chini. Aliniambia yamekwisha, kwa upole, kama unavyomwambia mtoto aliyechoka, na mie nikasikia anafungua mlango.

Nikamuuliza Ami alimwambia nini pale ukutani. Baba akajifuta uso kwa kilemba. Akasema, "Alinambia, mtoto kasikia umempa ruhusa. Sasa nenda wewe ukamwambie hukumpa." Akakikunja kilemba magotini. "Nikakutazama pale ulipo, unacheka na meno yote. Sijapata kukuona unacheka vile. Nikashindwa."

Sikulia pale. Nililia baadaye, nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pangu. Sikulia kwa sababu nilidanganywa, maana hakuna aliyenidanganya. Ndugu wawili walisimama ukutani, wakakubaliana kuliacha neno libaki na maana niliyoipa mie. Wote wawili walizungumza Kiswahili safi kuliko mtu yeyote Ibra, na kwa ajili yangu wakakiacha kikosewe.

Enzi zetu zilikuwa hivyo. Mtoto akisema vibaya, kuna mtu anayekijua Kiswahili sawasawa, naye anachagua kusahihisha au kunyamaza. Siku hizi barazani watu wazima wamepungua, na waliobaki wanazungumza na watoto Kiarabu na Kiingereza ili wafaulu, na wanafaulu, siwasemi. Nage hakuna. Ukuta ule una kivuli kile kile na hapana anayekaa.

Mdogo wangu Zahran ana gemu la mwindaji kwenye televisheni. Anakaa chini ya kiyoyozi, anapiga mnyama mwenye pembe kama mti, mishale haimwishii, na akikosa anabonyeza tu tena. Hatetemeki, hangoji. Ni hodari sana. Juzi nilikaa naye nikamtazama, mnyama kasimama ubavu, bega wazi kabisa, na kidole chake kiko kwenye kitufe. Sijui nilitaka nini. Nikamwambia taratibu, "Acha."

Hakuacha, wala hakuachia. Akaniuliza kwa Kiarabu nimesema nini.